Kimya cha Mwalimu Kasiani

Chiwata nzima ilijua kwamba ukitaka andiko likufungukie, umtafute Mwalimu Kasiani. Padre atasoma, atahubiri, atafunga kitabu, na wazee watatoka kanisani bado wana kiu. Watamzunguka Kasiani nje ya ukuta wa sakristia, naye ataanza upya, Kimakonde kidogo, Kimakua kidogo, Kiswahili katikati, mpaka neno lishuke tumboni. Hakuwa padre. Alikuwa katekista: mtu wa kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, kuzika padre akiwa mbali, na kuongoza sala Jumapili ambazo gari la mtaa, yaani la parokia yetu, limelala kwa fundi. Shamba lake la mikorosho, kando ya njia ya kwenda Masasi, lilikuwa la kawaida tu. Utajiri wake ulikuwa mdomoni.

Hili lisemwe mapema, ili mtu asije akamwonea huruma isiyo mahali pake na kudhani kwamba siku alipotakiwa kusema alikosa maneno. Hakukosa. Maneno alikuwa nayo ya kuwagawia watu na mengine yakabaki.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jando. Babu yake alipobatizwa, alisema, wazungu wa kwanza waliwaambia wazee kwamba jando ni giza, ngoma zake ni giza, na mtoto wa Mkristo asipelekwe porini. Wazee wakaitikia ndiyo, kisha wakawapeleka watoto kwa siri. Baadaye akaja askofu mwingine, mzungu vilevile, wa kanisa lilelile, mwenye Kitabu kilekile, akakaa chini na wazee akauliza jando ni nini hasa. Akarudi kwenye Kitabu na kukuta kwamba Bwana mwenyewe alitahiriwa akiwa mtoto mchanga. Basi msalaba ukasimikwa kambini, ngoma zikabarikiwa, na jando likawa na sala asubuhi na jioni. "Kitabu hakikuongezwa hata herufi," Kasiani alikuwa akimalizia, akiwatazama wavulana waliokaa kwenye majani makavu. "Kilichobadilika ni masikio."

Katika kambi hiyo ndipo alipompeleka Alfredi, mtoto wa dada yake Veridiana. Na hapa asiye wa huku inabidi aelezwe kidogo. Kwa watu wetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye mtoto ni mjomba. Baba atalisha, atapenda, atachapa akipata nafasi. Lakini mtoto akiposa, akiugua vibaya, au akishitakiwa, anayetafutwa ni mjomba. Wala mjomba halazimiki kumtetea. Anaweza kusimama mbele ya watu akamtukana mpwa wake mpaka wazee wenyewe wamwombe apunguze. Kitu kimoja tu kinangojwa kitoke kinywani mwake, kabla ya matusi au baada yake: huyu ni wetu. Akishakisema hicho, mtoto ana kwao, hata akitozwa faini, hata akifukuzwa kijijini kwa muda. Asipokisema, baraza linaelewa kwamba ukoo umemwachia mkono, na hakuna wa kuwauliza zaidi.

Kasiani alikuwa mjomba mzuri. Alimsomesha Alfredi kwa korosho zake, wakati ule bei ilipokuwa bado ya chama cha ushirika na malipo yanakuja kama mvua ya Newala, yaani ukishasahau. Alfredi alikuwa na akili na unyamavu. Alisomea uuguzi, akafanya kazi Mtwara, kisha kwa njia ya mtaa rafiki wa ng'ambo, wale Wakristo wa Kanada waliokuwa wakileta baiskeli za makatekista, akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi. Kijiji kikamsindikiza kwa ngoma. Veridiana alilia siku hiyo kwa furaha, na furaha hiyo aliila kwa miaka mingi.

Wakati huohuo dunia ya korosho ikageuka. Ushirika ukalegea, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na kila kijiji kikapata mtu mmoja aliyejua kusimama kati ya lori na mkulima. Kwetu mtu huyo alikuwa Selestini. Alinenepa katika msimu mmoja. Alijenga nyumba ya tofali, na nyumba ilipokamilika akaona mke mmoja hatoshi kuijaza, akaoa wa pili, binti wa Lisekese. Sheria ya kanisa ilikuwa inajulikana: akatengwa na meza ya Bwana. Akawa anakaa benchi la nyuma, suti yake ya kijivu ikimwaibisha zaidi kuliko kumpamba.

Kisha upepo ukang'oa paa la kanisa. Selestini akaleta mabati, lori zima, akayashusha bila kusema neno. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu. Wazee wa kanisa wakaanza kuulizana kama hakuna njia, na padre wa wakati ule, mzee aliyekuwa amechoka na kila kitu, akasema, "Mwulizeni Mwalimu."

Mwalimu akaulizwa, na Mwalimu akasema. Siku hiyo alisema vizuri mno. Aliwaonyesha Abrahamu na Yakobo, ambao Mungu hakuwafukuza. Aliwaonyesha kwamba mtume alipoandika habari ya mume wa mke mmoja alikuwa anazungumzia askofu, wala hakumtaja wakala wa korosho. Watu wakacheka. Aliwauliza: tukimwamuru amfukuze mke mdogo na watoto wake, je, hatujavunja amri nyingine kubwa zaidi kwa ajili ya kulinda hii? Hoja hazikuwa za uongo. Mtu mwenye huruma angeweza kuzitoa hata kama paa lingekuwa zima. Selestini akarudi mezani, na baada ya miaka miwili akawa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa baraza lao. Mke mdogo hakuna aliyemkumbuka. Aliendelea kukaa nyuma na kunyonyesha.

Basi Alfredi alirudi likizo mwaka elfu mbili na tano, msimu wa korosho. Alikuwa na mvi mbili tatu na viatu vizuri. Siku ya tatu akamfuata mjomba wake shambani, akavua viatu, akachutama naye chini ya mikorosho, wakawa wanatenganisha korosho na mabibo kama zamani. Mikono yake ilikuwa imesahau kazi. Ikawa inachafuka utomvu.

"Mjomba," akasema, "nimekuja kwako kabla sijaenda kwa mama, maana ndiyo desturi. Nimeoa."

Kasiani akafurahi. Akauliza ni binti wa nani.

"Si binti." Alfredi hakuinua macho. "Ni mwanamume. Anaitwa Petro kwa jina la ubatizo. Ni mwalimu wa shule. Tumefunga ndoa kwa sheria ya kule, na padre wa mtaa wetu akatuombea."

Kasiani akaendelea kuvunja mabibo. Alihisi aibu, na katikati ya aibu kitu kama hasira juu ya mtoto huyu ambaye angeweza kukaa huko na siri yake, asilete chini ya mikorosho ya watu. Akasema, "Maandiko unayajua."

"Nayajua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Jandoni ulitusomea habari ya Filipo na yule towashi wa Kushi garini. Ukatuambia Torati ilikuwa inamkataza mtu wa namna ile kuingia kusanyikoni. Towashi akauliza kinachomzuia kubatizwa, na Filipo hakumjibu kwa Torati. Walishuka majini."

"Yule hakuoa mwanamume."

"Ni kweli," Alfredi akasema. "Sikuombi useme nimefanya vizuri, mjomba. Nimekuja ujue, maana wewe ndiye mwenye mimi. Nisipokuambia wewe, ndoa yangu ni ya mtu aliyeokotwa."

Hapo ndipo palipomchoma Kasiani, na pangestahili kuendelea kumchoma. Mtoto alikuwa amevuka bahari na kufunga ndoa ambayo hakuna mzee wa Chiwata angeweza hata kuitamka, na bado hakuiona imekamilika mpaka mjomba wake ajue. Kuna vijana wa Newala wanaooa kwa posa na mahari na hawamkumbuki mjomba mpaka kuku wa harusi waishe.

"Nimesikia," Kasiani akasema. Alisema hivyo tu, wakafunga gunia.

Veridiana alipoambiwa alikaa ndani siku nzima. Jioni akatoka, akapika, akampakulia mwanawe, akamtazama anavyokula. Kesho yake akaenda kwa kaka yake na khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Kaka, mimi sikuelewa, na sitaki mtu anieleze," akasema. "Nimelia, nimemaliza. Ila ninamjua mwanangu. Hataki kushika mkate wa Bwana kwa uongo, na amesema atakwenda kwa padre kumwambia yote. Nimemzuia, hazuiliki. Jambo litafika kwa wazee. Sasa nakuuliza. Wakimtenga na komunyo, watenge. Yeye mwenyewe anajua. Lakini nataka siku akichoka na huko aliko, awe na kwao pa kurudi, na akifa azikwe na wenzake. Utasimama?"

"Nitasimama."

"Hata kama utamtukana?"

"Nimesema nitasimama, Veridiana."

Akaenda zake amepona nusu.

Padre alikuwa mpya. Padre Godfrey, mzaliwa wa Newala, kijana mrefu aliyesoma chuo na kurudi na sanduku la vitabu. Watu wengi wangependa kusikia kwamba alikuwa mtu mbaya, ili hadithi iwe nyepesi. Hakuwa mbaya. Alfredi alipomwendea Jumamosi na kumweleza, padre alimkalisha, akamwita kwa heshima "mwuguzi wa kwetu", akaomba naye. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nikisoma Mwanzo naona mume na mke. Nikisoma barua kwa Warumi naona yaliyoandikwa. Nikilipinda andiko kwa ajili ya mtu ninayempenda, kesho nitalipinda kwa ajili ya mtu ninayemwogopa, na mwishowe sitakuwa na kitu cha kuwapa watu hawa isipokuwa maoni yangu. Siwezi kukupa komunyo. Na siwezi kuficha kwa wazee." Makanisa ya duniani yalikuwa yamegawanyika juu ya jambo hilo miaka ile, redio zilisema, barua zilikuwa zinakuja na kwenda, na mtaa rafiki wa Kanada ulikuwa tayari umekwisha kukatwa urafiki. Padre kijana alijua anatazamwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na ndilo lililooza. Mwaka huo huo Padre Godfrey alikuwa amepeleka jina la Kasiani ili awekewe mikono awe shemasi. Miaka yote ile ya kuzika na kufundisha, mzee akiwa karibu kuchoka miguu, hatimaye angevaa stola. Fundi wa Masasi alikuwa amekwisha kumpima kanzu. Kasiani hakumwambia padre kwamba habari ya Alfredi aliijua kabla yake. Alingoja siku nzuri ya kusema, na siku nzuri haikuja.

Wazee wakakutana Jumapili baada ya Misa, katika darasa la wabatizwa, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Akina mama wa umoja wao wa kanisa walikaa kando ya ukuta. Veridiana alikuwa karibu na mlango, Alfredi kwenye kiti peke yake mbele. Mwenyekiti, Selestini, alikuwa na ile suti ya kijivu, sasa imemkaa vizuri.

Padre akaeleza kwa upole. Alfredi akaulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Mzee mmoja akataka kujua nani kati yao anapika. Watu wakacheka, padre akamkemea. Alfredi akasema maneno machache juu ya towashi na Filipo, na juu ya jando, jinsi kanisa hili hili lilivyowahi kusoma tena kile lililokuwa limekataza. Wazee wawili watatu wakamgeukia Kasiani wakitabasamu kidogo, kwa maana hiyo ilikuwa hadithi yake. Kasiani alikuwa anatazama mikono yake.

Selestini akasimama. "Andiko ni andiko," akasema. "Halipindwi wala halikunjwi. Tangu mwanzo ni mume mmoja na mke mmoja." Alilisema hilo bila kupepesa. Kule nyuma mke wake mdogo alikuwa anambembeleza mtoto, na hakuna hata mmoja aliyeona haya, kwa sababu nyani haoni kundule, na nyani mwenye mabati haonyeshwi.

Kisha Selestini, ambaye pamoja na yote alikuwa mtu wa huku na alijua desturi, akageuka. "Kabla hatujafunga maneno," akasema, "mwenye mtoto ana neno?"

Sasa fikiria ni mambo mangapi yalikuwa wazi kwake. Angeweza kumwambia Selestini, mimi ndiye niliyekufungulia andiko, leo unalifunga na ufunguo wangu. Angeweza kusema padre amesoma sawasawa, mpwa wangu amekosa, na mimi nimekasirika, lakini ni wetu. Hilo la mwisho halikuhitaji elimu. Halikuhitaji hata kukubaliana na Alfredi, na kwa kweli Kasiani mwenyewe hakujua kama anakubaliana naye. Usiku alisoma, asubuhi alisoma, na kila aliposoma alikuta sauti mbili. Mtu anaweza kufa na sauti mbili na akawa Mkristo mzuri. Alichotakiwa kukijua siku hiyo hakikuwa kitabuni.

Badala yake alijiambia jambo ambalo ni mtu wa huku tu angeweza kujidanganya nalo. Alijiambia: hili ni baraza la kanisa, siyo baraza la ukoo. Hapa mjomba si kitu. Desturi ya mjomba ni ya nyumbani, na nyumbani nitasema, nitaita ukoo, nitapika uraka, ile pombe yetu ya mabibo, nitasimama huko kwa heshima yote. Hapa mimi ni katekista, na katekista hasemi kinyume cha padre wake. Akaiona fikra hiyo ni ya busara. Akaikalia.

Lakini watu waliokuwa darasani walikuwa watu gani? Walikuwa walewale wa kwenye baraza la ukoo, wamevaa viatu tu. Walingoja. Kuku aliingia akatolewa. Padre, ambaye mama yake naye ni mtu wa ukoo, aliinamisha kichwa akingoja pia. Veridiana alikohoa mara moja, kile kikohozi cha kumwita mtu bila kumwita.

Kasiani hakuinua macho.

"Basi," Selestini akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, hata yeye alikuwa ameshtuka. "Tumesikia."

Hawakusikia kitu. Ndicho walichosikia.

Alfredi aliondoka asubuhi iliyofuata. Alipita kwa mjomba wake kuaga, kwa kuwa alilelewa vizuri. "Shikamoo, mjomba." Kasiani akaitikia marahaba, akaanza kueleza habari ya baraza la kanisa na baraza la ukoo, na jinsi atakavyoita watu msimu ukiisha. Kijana alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenitukana tu, mjomba," akasema. "Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nakungoja."

Akapanda gari la Masasi lililojaa magunia, na hajakanyaga Chiwata tena.

Kasiani aliita ukoo baada ya msimu, kama alivyosema. Alipika uraka. Walikuja watoto wawili na mzee mmoja kiziwi. Waliobaki walituma salamu kwamba jambo lilikwisha kusikika kanisani, na ukoo hausemi mara mbili.

Ushemasi nao ukawa na mambo yake. Kasiani, akiona hana cha kupoteza zaidi au akidhani hivyo, alimwendea Padre Godfrey na kumwambia kwamba alijua tangu mwanzo. Padre alifunga kitabu kilichokuwa mbele yake. "Mwalimu," akasema, "kama ungenipinga siku ile ningekasirika, na kesho yake tungekaa tukasoma pamoja. Kama ungeniunga mkono ningekushukuru. Nilikuuliza mimi pia, moyoni, nikitaka mtu mzima anisaidie. Hukuwa upande wangu wala upande wake. Nitakupeleka kwa askofu nikamwambie wewe ni nani?" Jina likaahirishwa, halafu halikutajwa tena. Kanzu ilikuwa imekwisha kushonwa. Fundi aliiuza kwa mtu wa kwaya.

Wala asidhani mtu kwamba Kasiani aliteswa. Hapana. Waliendelea kumsalimu. Waliendelea kumleta azike. Ila wazee waliacha kumzunguka nje ya sakristia. Padre akimaliza kuhubiri watu walikwenda makwao na kiu yao, na yeye akawa anafunga madirisha ya kanisa taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu mwenye kazi nyingi. Veridiana alikaa benchi la nyuma tangu siku ile, karibu na mke mdogo wa Selestini, na wakati wa komunyo wote wawili hawakuinuka. Aliyemtenga hakuna. Kasiani alipomwendea nyumbani kumsihi, alimpa kigoda akae, akampa maji, akamwambia maneno ambayo hakuyaongeza wala kuyapunguza baadaye:

"Una mdomo mzuri, Kasiani. Nimeusikia miaka yote ukiwasemea watu. Wa kwangu wa kusemewa alikuwa mmoja."

Mwaka wa nne Pendo, binti wa mwisho wa Veridiana, akaposwa na kijana wa Masasi. Kasiani alipata habari sokoni. Alingoja aitwe, kwa kuwa posa haipokelewi bila mjomba, na hasira za dada ni za dada, lakini desturi ni desturi. Hapa hawana budi, alijiambia. Alinunua hata shati. Wiki ikapita. Kisha akasikia kwamba Veridiana amepanda gari mpaka Newala, akazunguka huko kwenye vijiji visivyo na maji akiuliza ukoo kwa ukoo, mpaka akampata Bartholomayo, mzee aliyekuwa mtoto wa binamu wa mama yao, ambaye hakuna aliyemwona tangu mazishi ya bibi. Bartholomayo alikuwa hajui hata jina la Pendo. Lakini alikuwa ukoo, na alikuwa na mdomo. Ndiye aliyepokea posa.

Siku ya harusi Kasiani alikwenda. Asingekwenda ingekuwa vibaya zaidi. Kanisani alisoma somo la kwanza, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yake, na alisoma vizuri. Nyumbani, chini ya turubai, alitafuta pa kukaa upande wa wenye shughuli, ambako wanaume wa ukoo walikuwa wanahangaika na masufuria na kuni, mashati yameloa jasho, wanagombana. Hapo hakuna aliyemfukuza. Msichana mmoja mwenye adabu sana alikuja akamshika mkono, akampeleka kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, pamoja na watu waliotoka upande wa bwana harusi.

Wakamletea birika na bakuli, akanawa wa kwanza. Wakamletea sahani kubwa, wali na nyama iliyochaguliwa. Kwetu mgeni hula kwanza na hula vizuri. Wenye nyumba hula mwisho, wamesimama, kinachobaki kwenye ukoko. Kasiani alitazama sahani ile. Miaka yote ya maisha yake hakuwahi kupakuliwa hivyo katika nyumba ya dada yake.

Alikuwa amekula tonge moja simu ya Veridiana ilipolia. Kasiani alijua ni Alfredi kwa jinsi dada yake alivyoikimbilia. Aliongea kidogo akicheka na kulia, akampa Pendo, Pendo akapiga kelele za furaha. Halafu Kasiani akasikia Veridiana akisema, "Ngoja, ngoja, nikupe mjomba."

Kasiani aliweka sahani chini. Hakufikiri, mkono wake ulijifuta wenyewe kwenye kitambaa, na akawa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti.

Veridiana alipita mbele yake na ile simu, karibu kiasi kwamba khanga yake iligusa goti lake, akaenda mpaka kwenye masufuria. Bartholomayo, ambaye hakuzoea simu, aliishika imegeuzwa juu chini, akapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde: "Ndiyo, ndiyo, baba, mimi hapa, mjomba wako. Hujambo? Na huyo mwenzio hajambo? Eeh. Watu wananiambia mengi, mimi mzee sielewi hata moja, utanieleza siku ukija. Uje. Kwenu ni hapa."

Mtu wa upande wa bwana harusi, aliyekaa kiti cha pili, akamwuliza Kasiani kwa upole kama anawafahamu wenye shughuli. Kasiani akasema anawafahamu kidogo. Akakaa, akaivuta ile sahani, akala mpaka ikaisha, kwa sababu mgeni akiacha chakula anaiaibisha nyumba.